Mafungu Manne ya Teodosia

Saturnini alikuwa amejiapiza mambo mawili: hatanunua gari jingine maishani, na mkewe hatakwenda Ruangwa kwa basi. La kwanza halikumsumbua, maana uwezo hakuwa nao. La pili ndilo lililomkosesha raha, kwa kuwa Teodosia alishasema mbele ya majirani kwamba kwenye Land Rover kuukuu ya mumewe hapandi tena mpaka afe, na hata akifa wamtafutie machela.

Alikuwa na sababu. Zamani, Saturnini akiwa dereva wa misheni, aliazimwa gari hilohilo kumchukua bibi harusi wake kwao Ruangwa. Waliondoka kwa vigelegele na vumbi. Walipofika kwenye daraja la bondeni, wakiwa wamekaribia kabisa Nachingwea, injini ikazima na haikutaka kuwaka tena. Teodosia aliingia kwa mumewe kwa miguu, shela imegeuka rangi ya udongo, viatu vyeupe kavishika mkononi. Baadaye misheni ililichoka gari, ikampa Saturnini alipostaafu, naye akaliweka bandani. Tangu hapo kuku walitagia kiti cha mbele, na Teodosia alisema anawaonea huruma kuku.

Sasa binti yao Faith, aliyeolewa Ruangwa, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na ubatizo ulikuwa Jumapili baada ya ijayo. Saturnini aliposikia habari hiyo kwenye simu alichukua ufagio. Alikwenda bandani akafukuza kuku. Alitaka kumrudisha mkewe kwao kwa gari lilelile, wafike mpaka mlangoni, na injini aizime yeye mwenyewe kwa ufunguo.

Alipoifungua injini alikuta balaa. Pistoni mbili kati ya nne zimepasuka, na konrodi mbili, ile mikono ya chuma inayozishika pistoni, zimepinda. Shaibu, mwenye gereji ya jirani na mtani wake wa siku nyingi, alimpatia nyingine kutoka kwenye mkweche uliotelekezwa huko Mandawa. Upana ulikuwa uleule na urefu uleule, ila zilitoka kiwanda kingine, na ukizishika tu mkononi ulijua uzito haulingani na wa zile zilizobaki.

"Ukizifunga hivi, mtani, injini itatetemeka kama mgonjwa wa malaria," alisema Shaibu. "Itajivunja yenyewe njiani. Mpakie mama kwenye basi, wewe baki hapa tukuzike. Ninyi hata kufa hamjui bila kusaidiwa."

"Wewe nitakuzika kwanza, tena kwa furaha," alijibu Saturnini, lakini alijua Shaibu alisema kweli.

Ilibidi azipime. Mizani aliyoiamini Nachingwea nzima ilikuwa moja, ile ya sahani mbili ambayo Teodosia alipimia dagaa sokoni. Akasubiri mkewe aende kusali jumuiya, akaichukua. Aliweka pistoni sahani hii na pistoni sahani ile, akazipiga tupa kwa ndani zile nzito, akapima tena. Unga wa chuma ulimwagika mapajani, na bado sahani ya pistoni nzito ilikaa chini. Alipozigonga kwa ukucha akasikia zimeanza kuwa nyembamba. Akizidisha kidogo tu, zingetoboka. Hapo ndipo Teodosia alipotokea mlangoni.

"Baba Faith, kwa hiyo kesho watu wanunue dagaa wanaonuka grisi?"

Saturnini aliweka tupa chini. Hakuwa na uongo wa kutosha kuelezea mizani ile, akasema ukweli. "Nilikuchukua kwenu kwa gari, nikakufikisha kwangu kwa miguu. Mpaka leo linaniuma. Nilitaka nikurudishe vizuri, hata mara moja."

Teodosia akajifunga kitenge, akavuta kigoda, akaketi.

"Unapunguza kubwa zifanane na ndogo?"

"Ndiyo."

"Mimi nyanya zangu sizikati."

Akaanza kupanga. Pistoni nzito akaipa konrodi nyepesi, nyepesi akaipa nzito, vilevile anavyopanga mafungu ya nyanya mezani, kubwa ikakaa na ndogo ili mteja yeyote asinune. Akapandisha mafungu mawili kwenye mizani, akatikisa kichwa, akabadilisha, akapima, akabadilisha tena. Mwishoni mafungu manne yalikuwa sakafuni, na lolote ulilolipima na jingine, sahani zilikaribia kutulia. Saturnini alijua kiwandani hawafanyi hivyo. Huko kila kipande hulingana na mwenzake. Lakini tofauti iliyobaki ilikuwa ndogo, tupa ingeimaliza bila kutoboa kitu. Alimpenda mkewe saa ile kuliko siku ya harusi, akaona bora aseme.

"Nakupenda, Mama Faith."

"Nawa mikono," alijibu Teodosia, akachukua mizani yake kwenda kuisugua kwa majivu.

Injini ilipowaka, Shaibu aliweka kikombe cha chai juu ya boneti. Chai ilitikisika sana lakini haikumwagika. Shaibu akainywa yote, akasema ina sukari kidogo, jambo ambalo kwa mtani ni sifa kubwa.

Jumapili alfajiri Teodosia alitoka na kikapu na viatu vipya, akaingia kiti cha mbele bila kuombwa.

"Hupandi basi?" aliuliza Saturnini, akijitahidi asicheke.

"Mafungu yangu yamo humo. Nikikuachia peke yako utayauza kwa bei ya kutupa."

Wakaondoka. Teodosia aliongea tangu wanatoka nyumbani, juu ya mtoto, juu ya mikorosho ya watu isiyopaliliwa, juu ya wakwe. Walipoanza kuteremkia bondeni akanyamaza. Saturnini akamwona kwa pembe ya jicho: ameinama, anavua viatu, anavipakata. Alivuka daraja, akatia gia ya pili, na kilima kikaanza. Injini ilinguruma, ikatetemeka, usukani ukamwasha viganja, naye akamwomba Mungu kimyakimya. Wakapanda, wakapanda, mpaka barabara ikalala sawa na jua likawapiga usoni.

Teodosia alipangusa nyayo kwa ncha ya kitenge, akainama, akavaa viatu.