Chembe Kubwa za Mama Mkwe

Pius Masele alichelewa kila kitu maishani isipokuwa upara. Cheti cha kidato cha nne alikipata akiwa na miaka thelathini na tisa. Mtoto wake wa kwanza, Hellen, alimpata akiwa na arobaini na mbili. Sasa ana arobaini na saba, na kila jioni yuko darasani akisomea utunzaji wa kumbukumbu za afya, nyuma ya vijana wanaomwita babu.

Mchana alifanya kazi hiyohiyo anayoisomea jioni. Alikaa masjala ya kituo kimoja cha afya Igogo, akipokea mafaili kutoka kwa madaktari na kuugeuza kila ugonjwa kuwa msimbo: herufi moja na tarakimu chache ambazo bima inataka kuziona kabla ya kukubali lolote. Kwa upungufu wa damu alikuwa na msimbo wake kipenzi, D64.9, yaani upungufu wa damu ambao aina yake haikutajwa. Mwenye minyoo, aliyetoka kuugua malaria, mzee asiyekula vizuri, wote aliwatumbukiza humo.

"Huyo D64.9 ni mtakatifu," alisema Malimi, mwenzake wa meza moja. "Hajawahi kumkataa mtu."

Mwezi wa nne mtakatifu huyo alimpokea hata mama mkwe wake Pius. Mama Kokulinda alikuwa amekuja kutoka Bukoba kumsalimia binti yake Getruda, akafika amechoka, macho meupe kwa ndani, ulimi mwekundu unaowasha. Nyumba yao Mkuyuni iko juu kwenye mawe, na ngazi za kuifikia alizipanda akihema kama amebeba jiwe mojawapo. Daktari wa zamu aliandika "upungufu wa damu," Pius akaweka D64.9, na dirisha la dawa likatoa kile linachotoa kwa msimbo huo: vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi. Akina mama wa jumuiya wakaongeza juisi ya rozela, maji ya matembele na rozari.

Baada ya miezi mitatu damu ilipanda kutoka sita hadi kumi. Jumuiya iliimba mpaka jirani akazima redio yake kwa heshima. Ushuhuda ulitolewa, makofi yakapigwa, na kila mtu alidai ni rozela yake.

Jumamosi iliyofuata Mama Kokulinda alikuwa uani karibu na jiko la mkaa. Akanusa hewa.

"Getruda, nani anachoma ngozi ya mbuzi?"

Getruda alitazama chini, akapiga yowe. Mama yake alikuwa amekanyaga kaa la moto kwa mguu mtupu, na ngozi inayonuka ilikuwa yake mwenyewe. Hakusikia maumivu yoyote. Ndipo alipokiri kwamba tangu kabla ya Pasaka miguu yake ilikuwa kama imevalishwa soksi nene, na gizani hajui anakanyaga wapi.

"Damu si imepanda?" Pius alisema. "Labda ni uzee."

Jumanne jioni mwalimu wao alifundisha juu ya upungufu wa damu wenye chembe kubwa, na Pius akakoma kusinzia. Mwalimu alieleza kwamba mashine ya maabara haitoi kiwango cha damu tu, inatoa pia ukubwa wa chembe nyekundu. Kawaida ni kati ya themanini na mia. Ikivuka mia, mtunza kumbukumbu asikimbilie kapu la jumla, amrudie daktari akaulize sababu: pombe, ini, tezi ya shingo, baadhi ya dawa, ukosefu wa foliki, ukosefu wa vitamini B12.

"Na hapa msikilize," mwalimu alisema. "Mtu aliyekosa B12 ukimpa foliki, damu yake inaweza kupanda. Mtafurahi wote. Huku nyuma mishipa ya fahamu inaendelea kufa, na inaanzia miguuni."

Pius alitoka darasani bila kuaga. Alipanda bodaboda akisali njia nzima, na sehemu ya sala hiyo ilikuwa kumlaumu Mungu kwa kumpeleka shule akiwa amechelewa.

Asubuhi alifungua faili la mkwe wake. Karatasi ya mwezi wa nne ilikuwepo, imekunjwa mara mbili: ukubwa wa chembe, mia na ishirini na moja. Hakuna aliyeikunjua. Chini yake, kwa mwandiko wake mzuri, D64.9.

"Malimi, nimemuua mama mkwe."

"Hongera," Malimi alisema, halafu akamtazama usoni. "Mpeleke kwa Daktari Evelina. Leo."

Getruda alikuwa sokoni na dagaa wake, kwa hiyo Pius alilazimika kumpeleka mwenyewe. Hilo halikuwa jambo dogo. Kwao Usukumani mwanamume hakai jirani na mama mkwe, hamtazami usoni, na zaidi ya yote hamwoni akila. Kwa miezi yote hiyo Pius alikula sebuleni, naye mama akala chumbani na mjukuu wake. Sasa walikaa benchi moja, kila mmoja akiangalia ukuta wake.

Daktari Evelina alisoma karatasi, akagonga nyayo za mama kwa kalamu, akamwambia asimame na kufumba macho. Mama Kokulinda aliyumba, na Pius akamdaka kwa kiwiko ili asimguse kwa mkono.

"Mnaishi pamoja," daktari alimwambia Pius. "Anakunywa pombe?"

Pius aliomba sakafu ifunguke.

"Baba Hellen," alisema Mama Kokulinda kwa utulivu, "muulize daktari kama mama yake mzazi anakunywa."

"Shikamoo mama," alisema daktari, akiona amekosea mlango.

"Marahaba. Sinywi."

"Chakula je? Nyama, samaki, mayai, maziwa? Baba, anakula nini?"

"Sijui, daktari."

"Miezi mitatu nyumba moja hujui?"

"Ni mkwe wangu."

Daktari alishusha pumzi. "Vitamini hii iko kwenye vitu vya wanyama tu. Mama, nisaidie. Hii miguu inakufa."

Mama Kokulinda alielekeza kidevu kwenye pazia la mlango. Kisha akasema, "Nitakwambia wewe. Huyu atoke."

Pius alitoka, akasimama nje ya pazia. Hakukusudia kusikiliza, lakini mkwe wake aliimba sauti ya pili kwaya ya parokia kwa miaka thelathini, na mnong'ono wake ulifika hadi dirisha la dawa.

"Niliweka nadhiri mbele ya Bikira Maria. Sili nyama, sili samaki, sili yai, sinywi maziwa, mpaka binti yangu afunge ndoa kanisani. Huu mwaka wa sita. Huyo bwana kila mwaka anasema mwakani."

Foleni nzima iligeuka kumtazama huyo bwana.

"Na hapa kwao samaki unayewekewa unampeleka wapi?" daktari aliuliza.

"Anakula Hellen."

Ni kweli Hellen alikuwa amenenepa. Pius alikuwa amemshukuru Mungu kwa hilo.

"Mbona hukumwambia mtu?"

"Nadhiri inatangazwa? Mimi si mnada."

Daktari alimwita Pius ndani. Sampuli ya kupima B12 ingepelekwa maabara kubwa, alisema, lakini tiba haisubiri majibu. Akavuta dawa kwenye sindano, nyekundu kama divai ya altare.

"Hiyo ni damu ya nani?" mama aliuliza, akiurudisha mkono.

"Si damu. Inatengenezwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho."

"Vina nyama?"

"Havina, mama."

"Vina maziwa?"

"Havinyonyeshi."

Akatoa mkono. Sindano zingekuwa siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa wiki mbili, halafu za kila wiki, halafu za kila baada ya miezi kadhaa. Damu itarudi, daktari alisema. Kuhusu miguu hakuahidi.

"Chakula kingesaidia," aliongeza. "Paroko wako anaweza kukufungulia nadhiri."

"Anifungulie mimi ambaye sina kosa? Aanze na huyu."

Pius alirudi masjala, masikio yakimwaka. Majibu ya B12 yalipofika wiki iliyofuata, yakiwa chini kabisa, alifuta kapu lake na kuandika D51.3: upungufu wa damu kwa kukosa vitamini B12 kwenye chakula. Malimi alikuwa akipekua kitabu upande wa pili wa meza.

"Sababu hujaandika. Iko hapa, Z63.1: matatizo ya uhusiano na wazazi au wakwe. Naapa iko!"

Iko kweli. Pius aliitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama msimbo wowote.

Ukweli ni kwamba ndoa hakuikataa. Aliogopa ukumbi. Aliogopa kuingia akicheza, na suti, na upara chini ya taa, na mshereheshaji akimtania kwa kipaza sauti. Alikuwa akingoja aibu hiyo imwishe. Sasa mwanamke mmoja alikuwa akilipa kwa miguu yake miwili ili yeye aendelee kungojea.

Jioni ile hakwenda darasani. Alikwenda kwa paroko.

"Tunataka kufunga ndoa, baba. Bila ukumbi. Haraka iwezekanavyo."

"Bibi harusi ana mimba?"

"Hapana, baba. Mama yake ana chembe kubwa."

Paroko alikuwa amesikia sababu nyingi, hiyo hakuwahi. Lakini mafundisho yalifanyika, matangazo yakasomwa Jumapili tatu, na Jumamosi moja misa ya asubuhi Pius na Getruda walisimama mbele ya altare, bwana harusi na suti ya kuazima inayombana kwapani.

Mama Kokulinda alikaa benchi la mbele. Sindano zilikuwa zimefika kumi na moja. Alikuwa amevaa viatu vipya vyeusi alivyonunuliwa na jumuiya. Katikati ya kiapo, Pius akiwa ameshika mkono wa Getruda na paroko akisubiri jibu, mnong'ono wa sauti ya pili ulitanda kanisa zima:

"Yesu na Maria, hivi viatu vinaniuma! Vinaniuma kidole kidogo!"

Watu walicheka. Paroko alikohoa. Pius alimgeukia mkwe wake, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote.

"Vinauma sana, mama?"

"Sana," alisema Mama Kokulinda, akitabasamu. "Jibu swali la padri."