Sauti ya Élie Kwa Maman Apolline

Kila Jumamosi saa nane mchana Maman Apolline alifuta bei za samaki wa sambaza kwenye ubao wa nganda, baa yake, na kuandika hapo majina ya watakaoimba. Zamani micro ya wote, kipaza sauti cha yeyote mwenye wimbo, ilianza jua likishazama na kwisha watu walipochoka. Tangu mji upate wenyewe wapya, wenye bunduki, ilianza saa nane na kwisha saa kumi na moja kasorobo, ili kila mtu awe amefunga mlango wake kabla ya saa kumi na moja. Hakuna aliyetoa amri hiyo. Watu wa Bagira walijipangia wenyewe kwa sababu waliogopa, na waliifuata vizuri kuliko amri yoyote waliyowahi kupewa.

Nganda lenyewe lilikuwa banda la mbao na mabati, lenye viti vya plastiki thelathini na viwili na bafle mbili za kutolea sauti, moja ikikoroma. Micro ilikuwa moja tu, imefungwa kwa utepe mweusi shingoni. Yeyote aliruhusiwa kuishika, lakini watu walikuja hasa kwa ajili ya Philémon, ambaye siku za kazi alipaka nyumba za watu rangi na Jumamosi alikuwa na sauti nzuri kuliko zote mtaani. Alikuwa hodari pia wa kutupa libanga. Wimbo unapofika katikati, mwimbaji huacha maneno yake na kumtaja mtu anayempenda, baba yake, avenue yake na sifa zake, naye aliyetajwa huinuka na kumletea mwimbaji chupa. Sheria ya libanga ni moja: sifa huongezwa. Philémon alishamwita fundi matofali mmoja injenia, na muuza vidonge wa kona akamwita dokta, na wote wawili walitembea vizuri zaidi wiki hiyo.

Jumamosi moja ya kiangazi, vumbi likiwa limeshika kila kitu, Philémon alimtupia libanga Élie. Élie alikuwa seremala, na kwa miaka kumi na moja alikuwa ndiye anayempigia gitaa. Philémon alimtaja Élie wa Nathanaël, mwenye nyumba ya mlango wa kijani, aliyewaficha vijana watatu darini, juu ya plafond, wiki ile askari walipokuwa wakiwatafuta nyumba kwa nyumba, akawalisha maharagwe siku tisa. Watu walipiga meza. Élie aliinamisha kichwa juu ya gitaa kwa aibu na furaha. Ilikuwa mara ya kwanza Philémon kutoongeza kitu.

Karibu na mlango walikaa wanaume wawili wakinywa Fanta. Jumatatu saa sita mchana gari jeupe lisilo na plaki ya namba lilisimama mbele ya mlango wa kijani. Walivunja plafond kwanza, wakakuta sufuria moja, kisha wakamchukua Élie. Mke wake Ornella alikimbia nyuma ya gari mpaka sandali zikakatika.

Jumamosi iliyofuata wa kwanza ubaoni alikuwa Anne-Marie wa kwaya ya parokia. Alishika micro, akafumba macho kama kawaida yake, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Élie. Hakuna aliyekosea kuitambua. Élie alikuwa na sauti ya puani, isiyofika juu, na miaka mingi iliyopita aliimba mara moja tu akaombwa kwa upole arudi kwenye gitaa. Sasa alifuata tuni ya Anne-Marie kwa shida, na maneno yalikuwa yake mwenyewe.

"Niko mu conteneur," iliimba sauti. "Tuko batu saba. Mucana iko moto sana. Maji banatupatia asubui tu."

Anne-Marie alimaliza wimbo, kwa kuwa alikuwa ameufanyia mazoezi wiki nzima. Baada yake aliimba Gentil, anayeimba rap, na baada ya Gentil mzee mmoja wa nyimbo za zamani za rumba, na kila mmoja alifungua kinywa chake na kumtoa Élie. Rap ilimshinda kabisa. Maman Apolline alibadilisha waya. Wiki ya pili aliazima micro ya parokia, na Jean-de-Dieu, mtunza vyombo vya kanisa, aliitoa kwa sharti irudishwe kabla ya misa ya kwanza. Ikawa vilevile. Walijaribu kuimba bila kuchomeka waya popote, Élie akatoka lakini kwa mbali, kwa hiyo wakachomeka tena.

Élie mwenyewe hakuwasikia. Ornella, aliyekaa mbele kabisa na daftari la shule, aliuliza maswali mara kadhaa bila kujibiwa, kisha akaacha kuuliza na kuandika tu. Élie alisema anasikia watoto wakikariri hesabu ya kuzidisha asubuhi, na kwamba kwenye mara saba hukosea daima. Alisema anasikia bomba la maji na kina maman wakigombania zamu ya kujaza bidoni, na juzi mmoja alimwita mwenzake kichwa cha sambaza. Hapo Maman Consolate, aliyekaa meza ya tatu, alikohoa na kutazama bia yake. Ndiye aliyekuwa amesema.

Kufikia Jumamosi ya tatu, nganda zima lilijua. Bomba anakochota maji Maman Consolate liko bondeni, ng'ambo ya shule ya msingi, na katikati ya bomba na shule hakuna kitu isipokuwa depo ya zamani ya kahawa yenye lango la bluu. Ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, kumi na tano ukiwa na haraka. Tangu siku hiyo watu wenye shughuli huko bondeni walizungukia njia ya juu, hata wenye mizigo.

Wanaume wawili wa Fanta nao walikuja Jumamosi hiyo. Walimsikia Élie akieleza rangi ya kutu ya ukuta wake. Watu waliacha kutafuna. Ornella alifunika daftari kwa kitenge chake, na Maman Apolline alijuta kwa nini hakuzima umeme mapema, maana kila mmoja alifikiri jambo lilelile: sasa watamhamisha. Wale wawili walimaliza Fanta zao, wakalipa, mmoja akaomba wiki ijayo wawekewe viti visivyo na ufa. Jumamosi iliyofuata Élie aliimba tena habari za watoto na mara saba. Hawakuwa wamemhamisha. Hawakuona sababu.

Ornella alienda mwenyewe, si mara moja. Kwenye lango la bluu walimwambia hakuna mtu wa jina hilo, wakapokea chakula alichomletea. Mara ya tatu askari mmoja, labda kwa kumhurumia, labda kwa kuchoka kumwona, alimwambia kosa la huyo mtu ni ule wimbo. Kama yupo aliyesikia vibaya, basi aliyeimba aje aseme mwenyewe.

Jioni hiyo Ornella alimkuta Philémon akiosha brashi zake uani.

"Yaya," alimwambia, kama mtu anavyomwita kaka yake, "bale batu habamujue Élie. Banajua wimbo yako tu. Enda useme ulikuwa unapamba. Libanga ni libanga, kila mutu anajua."

Philémon alisema ataenda. Kisha akaendelea kuosha brashi ambazo zilikuwa zimekwisha kutakata.

Ilikuwa hoja nzuri. Angesema Élie ni seremala mwoga kama maseremala wote, kwamba plafond ile haiwezi kubeba hata paka, kwamba yeye Philémon alimwita pia muuza vidonge dokta na huyo hajawahi kumponya mtu. Alijirudia maneno hayo siku mbili nzima, akipaka rangi ukuta wa mtu. Usiku hakulala. Alijua ya kwamba mtu anayekwenda kwenye lango lile kusema alidanganya anaweza kuulizwa kwa nini alidanganya, na akishaingia ndani kujibu, nani atakuja kusema kwa ajili yake? Aliogopa hivyo, wazi kabisa.

Alhamisi alishuka bondeni. Alivaa koti la harusi. Kwenye lango alisimama askari akila hindi la kuchoma, na nyuma yake, kupitia uwazi wa mlango, Philémon aliona pembe ya conteneur ya kahawia. Mtu alikohoa ndani yake mara tatu. Philémon alikijua kikohozi hicho. Kila kiangazi vumbi lilikuwa linamkamata Élie katikati ya mazoezi, na walikuwa wanasimama kumngoja.

"Uko natafuta nani?" aliuliza askari.

"Hakuna, chef," alisema Philémon. "Nilikuwa natafuta makala ya kupikia. Nilipoteza njia."

Askari alimwelekeza kwa wauza makala. Philémon alishukuru, akaenda huko kweli, akanunua ndoo moja ya mkaa ambayo hakuihitaji, akapanda nayo mlima akiwa amevaa koti la harusi. Kwa Ornella alisema hakumkuta mkubwa.

Jumamosi jina lake lilikuwa la nne ubaoni. Angeweza kukataa, lakini kukataa kungeleta maswali. Alichagua wimbo mfupi, akashika micro kwa mikono miwili, na Élie akatoka kinywani mwake, dhaifu kuliko wiki zilizopita, akipumzika katikati ya mistari.

"Juzi nilisikia sauti ya Philémon ku mulango," iliimba sauti. "Moyo ikatulia. Nikaambia benzangu, huyu ni ndugu yangu, sasa banatutosha humu, tunarudi nyumbani. Kisha nikasikia anasema anatafuta makala."

Ulibaki ubeti mmoja na kiitikio. Philémon aliendelea kuimba, kwa sababu aliyeshika gitaa mahali pa Élie alikuwa bado anapiga na watu walikuwa wanangoja. Élie hakumlaumu. Katika ubeti huo alisema tu kwamba anadhani makala yamepanda bei, ndiyo maana watu wanayafuata mbali. Ornella hakuinua kichwa. Aliandika na hayo, kisha akafunga daftari.

Philémon aliporudi kukaa, hakuna aliyesogeza kiti mbali naye. Jirani yake alimpa nafasi ya kuweka miguu. Mezani pale hapakuwa na mtu asiyejua njia ya depo, na hapakuwa na aliyeipita, na wote walimwonea huruma kwa kuwa yeye alifika karibu zaidi. Hilo ndilo lililomuumiza.

Jumamosi iliyofuata aliomba kuimba wa kwanza. Alikuwa amejipanga: akimsikia Élie bado ana nguvu, Jumatatu atashuka tena, na mara hii ataingia. Alifungua kinywa.

Sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe.

Ilitoka safi, ikapanda mahali pote ilipopaswa kupanda. Alimaliza wimbo mzima. Hakuna aliyepiga makofi, walikuwa wanamngoja mwimbaji wa pili. Anne-Marie aliimba, akasikika Anne-Marie. Gentil aliimba, akasikika Gentil. Maman Apolline aliweka chini sinia, akafuta mikono, akaimba wimbo wa kubembeleza mtoto, wa pekee aliokuwa anaujua, na watu walijua kwa mara ya kwanza kwamba ana sauti nene. Baada yake walianza kupanga foleni hata wasiojua kuimba. Maman Consolate alijaribu. Jean-de-Dieu, aliyekuja kufuata micro ya parokia, alijaribu kwa Kilatini. Mmoja mmoja walishika micro, na kila mmoja akatoka na sauti yake.

Wale wawili wa karibu na mlango walikunywa Fanta.

Mwisho alisimama Ornella. Hakuimba. Alisogeza mdomo karibu kabisa na micro, akasema, "Élie." Bafle zote mbili zikasema Élie kwa sauti ya mwanamke.

Alingoja kidogo, akamrudishia Maman Apolline micro, akachukua daftari lake. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Watu walipanga viti, wakarudisha chupa kwenye kreti, wakaagana. Pale mlangoni jirani alimgusa Philémon bega, akamwambia leo sauti yake ilikuwa nzuri kweli.

Philémon alisema asante.