Shafti Chini ya Jeneza

Basi lilianza kutetemeka kabla hatujatoka mtaa wa Mowlem, Nairobi. Jeneza la baba, lililofungwa kamba sakafuni, likawa linagonga vyuma vya viti, na shangazi zangu wakakatiza wimbo.

"Mzee amekataa kuondoka," akasema baba mdogo Opicho.

Kwetu Bungoma gari la maiti likisumbua, hatafutwi fundi. Marehemu ndiye anayebembelezwa. Baba mdogo akaligusa jeneza. "Mulongo, twende nyumbani, ndugu yangu. Usituaibishe."

Gitonga, dereva, akakanyaga mafuta. Mtetemo ukazidi, halafu ghafla ukaisha. Vigelegele vikajaa basi zima.

Mimi sikushangilia. Nimetengeneza magari na baba kwenye gereji yake ya Jericho tangu nimalize shule, naujua mtetemo huo. Shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma ikilegea, hutikisika kwa mwendo fulani tu. Ukiupita mwendo huo, inatulia. Ukipunguza, inarudi vibaya zaidi. Na mbele yetu kulikuwa na mteremko wa Bonde la Ufa.

"Gitonga, simamisha gari!"

"Siste, si imetulia? Mzee amekubali!"

"Keti, Nerima!" baba mdogo akanikaripia. "Binti hapigi kelele mbele ya maiti ya babake."

Nilichemka. Watu wazima, wanapigia vigelegele shafti iliyo karibu kukatika! Kubishana nao ilikuwa kazi bure. Nikapiga magoti, nikaweka sikio juu ya jeneza.

"Baba anasema tusimame," nikadanganya.

Gitonga akaondoa mguu kwenye mafuta. Mwendo ulipopungua, mtetemo ukarudi kwa kishindo, mashada ya maua yakaanguka, akina mama wakapiga mayowe. Akalivuta basi kando ya barabara.

Nikaingia chini yake na nguo yangu ya matanga. Raba inayoishikilia shafti katikati ilikuwa imechanika yote. Boliti mbili hazikuwepo. Ya tatu niliifungua kwa vidole, nikaenda kuiweka kiganjani mwa baba mdogo.

Akaigeuzageuza. "Alikuambia nini hasa?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nilitaka kukiri kwamba nimedanganya. Lakini kwa kila gari lililotetemeka pale gereji, baba alikuwa na neno moja tu, na nilikuwa nimelisikia kichwani tangu Mowlem.

"'Zima, Nerima,'" nikajibu, na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu afe.