Maboksi ya Jirani

Ukuta unaotenganisha uwanja wetu na wa jirani unanizidi kimo kidogo. Kwa hiyo Jumamosi ile, nikiwa naanika nguo, sikumwona mtu. Niliona friji. Friji ya milango miwili, imechorwa kwenye boksi kwa rangi ya fedha, ikipita juu ya ukuta bila kelele kutoka getini mpaka mlangoni kwa jirani. Kwenye picha mlango mmoja ulikuwa wazi, na ndani yake mmepangwa matunda, maziwa na chupa za maji zenye matone ya ubaridi. Nilibaki na nguo mkononi, inanidondoshea maji miguuni. Nimeona mengi katika umri wangu, lakini sikumbuki kitu kilichowahi kunipita kwa heshima kiasi kile.

Niliporudi jikoni, jiko langu lilikuwa limepungua. Sijui niseme vipi. Asubuhi nilikuwa na jiko la kumtosha mtu na familia yake, lenye friji fupi ya zamani inayonguruma kidogo ikianza kazi. Mchana nikawa na kijichumba na kisanduku kinachokoroma, na hakuna mkono uliokuwa umegusa chochote humo.

Nyumba ile ni ya mume na mke. Mume ni mtunza ghala katika duka la vyombo vya umeme. Mke ni mshonaji, anashonea nyumbani, na kwa miaka tisa mimi na yeye tulikuwa tumeishia kwenye salamu za ukutani. Siku hiyo nilimpa jina la Malkia, kimoyomoyo, na si kwa upendo. Nikajiambia, kumbe sindano inalipa hivi, na mimi nimejikalia kwenye pasi.

Kazi yangu ni chumba cha kufulia cha hospitali. Shuka mia nne kwa zamu zinapita kwenye rola la moto, mimi upande mmoja na mwenzangu upande wa pili, tunazipokea na kuzikunja kona kwa kona. Sijisifu bure, shuka niliyoikunja mimi huwezi kuikuta na kunyanzi. Niliamini mtu mwenye mkono kama huo hawezi kufanya mambo ya ovyo.

Miezi miwili baadaye friji ya milango miwili iliingia kwangu, kwa mkopo. Niliwaambia wabebaji waiache getini kwanza, wapumzike, wanywe maji. Walipumzika karibu saa nzima mpaka mmoja wao akaanza kusinzia. Nisidanganye, nilitaka ionekane.

Halafu juu ya ukuta ikapita televisheni, pana kama mlango uliolazwa, na ndani yake jua linazama milimani. Baada ya televisheni likapita jiko la oveni, na kuku wa kuoka anang'aa kwenye kioo chake. Kila mara niliacha kazi nikasimama kutazama. Nilistaajabia hata nguvu za yule mtunza ghala, mwanamume mwembamba wa kupeperushwa na feni, anavyobeba jiko zima peke yake huku akipiga mluzi. Hapo mtu mwenye akili zake angejiuliza. Mimi nilikwenda kukopa.

Mume wangu ni dereva wa basi la kiwandani, mtu wa maneno machache. Alipouliza, nilimwambia kazini kuna mpango, tunakatwa kidogo kidogo. Kukatwa ilikuwa kweli. Kidogo kidogo ndiyo ilikuwa uongo. Nilikuwa nakopa huku nikalipe kule, na mshahara ulikuwa ukinifikia umeshagawanywa na watu nisiowajua hata sura, mradi wana namba yangu ya simu.

Kisha ikapita mashine ya kufulia. Mimi, ninayeshinda na nguo za hospitali nzima, niliiona picha ile ya kioo cha mviringo na povu jeupe, nikaitamani mpaka meno yakaniuma. Sasa hapa ndipo pabaya. Binti yetu alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na baba yake ameshaanza kumwita Daktari, uuguzi wenyewe haujaanza. Ada ilikuwa kwenye akaunti yenye majina yetu wawili, miaka minne ya zamu za ziada za baba mtu. Ilitakiwa kulipwa Jumatatu, na asiyelipa nafasi yake anapewa mwingine. Niliichukua yote. Nusu ilikwenda kwenye marejesho yaliyochelewa, nusu ikawa malipo ya kwanza ya mashine. Niliapa nitairudisha kabla ya siku, na nilikuwa naamini kabisa ninachosema, jambo linalonitisha mpaka leo.

Alhamisi kabla ya Jumatatu hiyo, Daktari alinijia nikiwa navua viatu vya kazi.

"Mama, twende kwa Mamkubwa akanipime sare ya chuo. Baba ameshaongea naye."

"Mamkubwa yupi?"

"Si huyu wa hapa ukutani. Ndiye anayenishonea sare zote tangu darasa la nne."

"Mimi nilidhani baba yako ananunua sokoni."

"Wewe huwa uko kazini, Mama," akasema, bila ubaya.

Nilikwenda. Siwezi kusema sikutaka kuviona vile vitu kwa karibu. Nilijiandalia hata uso wa kuvitazama, uso wa mtu aliyekwisha kuvizoea.

Binti yangu akaamkia, "Shikamoo, Mamkubwa," tukakaribishwa ndani, na uso wangu ule ukaniponyoka.

Hapakuwa na friji. Hapakuwa na televisheni wala oveni. Palikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na benchi moja. Lakini kuta zote nne, kutoka sakafuni mpaka darini, zilikuwa zimefunikwa na watu. Sina neno jingine. Migongo, mikono, vifua, kola, vyote vimekatwa kwa karatasi ngumu ya maboksi na kutundikwa kwenye misumari, mamia kwa mamia, na kila kipande kimeandikwa kwa kalamu nene ni cha nani na cha mwaka gani. Ni patani, zile za kukatia nguo. Mtaa mzima ulikuwa umening'inia pale kimya. Nilimtambua mwalimu mkuu kwa bega lake lililoshuka. Nilimtambua muuza magazeti, marehemu sasa, kwa mgongo wake ulioinama, umehifadhiwa vilevile.

Na juu ya watu hao kulikuwa na zile picha zangu za maboksi. Robo ya tunda kwenye mkono wa mtoto wa shule. Kipande cha jua linalozama kwenye kifua cha mwalimu mkuu. Nilisogea mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta, nikasimama hapo nikiangalia povu jeupe kwenye kola ambayo bado haijaandikwa jina.

"Karatasi za gazeti zilikuwa zinachanika," Malkia akasema nyuma yangu. "Mume wangu ananiletea maboksi matupu ya dukani kwao. Namwambia asiyakunje. Ukilikunja boksi linashika alama, na alama ikiwa kwenye patani nguo inakwenda upande. Maskini anayabeba hivyo hivyo mazima, anayanyanyua juu yasikwaruze ukuta."

"Matupu," nikasema.

"Matupu, dada. Ya kujaa tutayatoa wapi?"

Akashusha msumarini vipande vinane vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kidogo mbele, kikubwa nyuma. Ilikuwa migongo ya binti yangu. Miaka minane ya mgongo wa mwanangu, inapanda sentimita kwa sentimita, na mimi naiona kwa mara ya kwanza nyumbani kwa mtu mwingine. Mahali fulani kati ya wa sita na wa saba alikuwa ameota mabega ya mwanamke. Niligusa kile kikubwa kwa kidole.

"Panua mikono, Daktari," Malkia akamwambia, akaanza kumpima. Huku akipima akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye haya. "Ila na sisi tumechoka kuishi na picha. Kila tukichungulia tunaona kwako kinaingia kitu cha kweli. Tunabaki tunasema, wenzetu wanawezaje? Mume wangu akasema basi, na sisi tuanze hata na friji. Fomu hiyo hapo mezani. Kesho tunaipeleka."

Fomu ilikuwa imejazwa kila kitu isipokuwa sahihi ya mke. Ni kampuni ileile yangu. Penye neno dhamana mume alikuwa ameandika: cherehani mbili.

Nilisoma mstari huo mara tatu. Ningeweza kunyamaza. Ningesema hongereni, jirani, nikarudi nyumbani na siri yangu mpaka Jumatatu. Lakini niliinua macho, na mtaa mzima ulikuwa ukutani umenigeuzia mgongo, nikaona kuta zile zikibaki misumari mitupu kwa ajili ya friji iliyoanzia kwenye boksi lao wenyewe.

"Usisaini," nikasema.

Malkia alisimama na utepe mkononi.

"Vile vyote ni mkopo. Hakuna hata kimoja changu. Nilikuwa nanunua kila boksi lililopita juu ya ukuta, nikidhani limejaa." Nilikuwa sijafika, na pa kufika nilipajua. "Na mashine ya mwisho nimeilipia kwa ada ya huyu."

Binti yangu alikuwa bado amepanua mikono. Aliishusha polepole, mmoja kwanza, halafu wa pili.

"Yote?"

"Yote."

Hakulia. Alinitazama kama wanavyomtazama mgonjwa wanaotaka kujua anaumwa wapi hasa.

"Mashine yenyewe hata maji hujaiunganisha," akasema. "Bado ina nailoni yake. Duka wanaweza kuipokea."

"Mume wangu atawauliza," Malkia akasema taratibu. Aliichukua ile fomu mezani, akaigeuza upande mweupe, akaweka chaki juu yake.

"Hata wakiipokea haitoshi," nikasema.

"Najua haitoshi," Daktari akasema. "Baba anajua?"

"Hajui."

"Nani atamwambia?"

"Mimi."

"Lini?"

Nilitafuta neno la kunipa siku mbili, tatu, hata moja. Nilikuwa nalo tayari mdomoni, lile lile nililokuwa nawapa wenye madeni.

"Leo," nikasema. "Akiingia tu."

Akanitazama tena, akitaka kuona kama neno hilo ni tupu. Kisha akamgeukia Malkia na kuinua mikono yake, kwanza mmoja, halafu wa pili, na kuishikilia hivyo mpaka alipomaliza kupimwa.