Kibanda cha Kufukuzia Mvua ya Mawe

Queralt aliamka na uhakika kwamba kazi ya kuwatembeza watalii kanisani ni yake, na kwamba kiangazi hiki sahani chafu za mgahawa wa mjomba zitafute mtu mwingine. Kilichobaki ni kumshinda mtahini, Bi Hester, Mwingereza mstaafu aliyehamia kijijini, mwenye macho ya kuona vumbi lililojificha. Padri Eudald hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini aliwafuata nyuma akitikisa kichwa kama profesa.

"Pulpit," alisema Bi Hester, akitaka neno la kijijini na maelezo yake.

"Trona. Mimbari. Hapo ndipo Padri anapopanda kutubembeleza tulale."

"We mtoto!" Padri aling'aka.

"Belfry?"

"Campanar. Mnara wa kengele. Huamsha kijiji kizima, isipokuwa Padri."

Bi Hester aliuma mdomo asicheke. Akawatoa nje, akaelekeza fimbo kwenye kibanda cha mawe ubavuni mwa kanisa, chenye paa lakini wazi pande zote nne.

"Na hiki, comunidor? Kwa Kiingereza tukiiteje? Kijana wa mjini aliyeitaka kazi hii jana alisema ni baraza tu, ya kupumzikia."

Queralt alijua Waingereza hawana neno lake. Ulimi ulimwasha abuni lolote, kazi isimponyoke. Akauzuia.

"Neno hamna, bibi. Kwenu mvua ni shemeji, mnakunywa naye chai. Kwetu mvua ya mawe ni jambazi wa mizabibu. Padri, hebu simama hapa katikati."

"Mimi?"

"Kwani kuna padri mwingine? Inua mkono. Basi wingu baya likitokea, padri wa zamani alikimbilia humu, akaligeukia huko huko linakotoka, akalinyunyizia maji ya baraka na kulifukuza kwa sala, kengele zikilia juu. Ndiyo maana hakina kuta. Wingu halina mlango mmoja wa kuingilia."

Padri Eudald, mwenye mizabibu yake nyuma ya nyumba, alikuwa ameshageukia milimani, mkono juu, uso mkali, midomo ikicheza. Kulikuwa kweupe, hata wingu la dawa halikuwepo.

Bi Hester alishindwa kujizuia, akacheka hadi fimbo ikamwanguka.

"Yule wa jana angewakalisha wageni wangu humu wale mikate," alisema. "Jumamosi, saa nne asubuhi, usichelewe. Na Padri umlete vilevile."

"Padri hapatikani, bibi," Queralt alijibu. "Mjomba anatafuta mwosha sahani."