Sikio la Kushoto

Nitawategea kimoja kwanza, maana bila kitendawili kalamu yangu haiendi. Nilimzika akiwa laini, nikamchoma akalia mpaka akaisha, nikamfukua akiwa mgumu. Nani huyo? Msihangaike, jibu ninalo: ni sanamu ya shaba. Mume wangu alikuwa fundi wa kuzimimina. Nilimkandia udongo, nikampulizia tanuri, nikamzalia watoto wanne, na wote wanne walijifunza kutambaa kwenye jivu.

Kazi yenyewe iko hivi. Unafinyanga kiini cha udongo, kisha unakivika nta yenye unene wa ganda la chungwa. Kwenye nta hiyo ndipo unapotengeneza pua, kope na midomo. Ukimaliza unaifunika yote kwa udongo mwingine na kuichoma. Nta inayeyuka inatoka, inabaki nafasi tupu, na humo ndimo unamomimina shaba iliyochanganywa na bati. Binti yangu wa mwisho, ambaye ndiye aliyerithi karakana, ana kitabu kikubwa chenye picha za vichwa vilivyotengenezwa namna hiyo zamani za kale, katika nchi ambazo hazikujuana kabisa. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini zile picha sikuhitaji kusomewa. Kimoja nilikitazama shingo tu nikajua fundi wake alikuwa na haraka.

Ubaya wa mbinu hii ni kwamba nta haina pacha. Shaba ikigoma, umekosa vyote viwili.

Sasa, kwenye rafu ya juu stoo kulikuwa na kichwa cha nta. Kichwa changu mimi. Mume wangu alikifinyanga mwaka tuliooana, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, huku mimi namenya viazi na kumwambia aache kunikodolea macho kama mdai. Hakukimimina kamwe. Ukimuuliza anasema, "Bado sikio." Akarudia hilo hilo sikio la kushoto miaka nenda miaka rudi, mpaka akafariki.

Kile kichwa ndicho kilichobaki na vidole vyake. Sisemi kwa mafumbo. Alama za dole gumba lake zilikuwamo, mistari yote, moja shingoni chini ya nywele na nyingine nyuma ya sikio lile. Siku nyingine nilipanda ngazi, nikaweka dole langu juu ya lake, nikashuka nikaendelea na shughuli zangu.

Mwaka wa tisa tangu tumzike, binti akaniita stoo.

"Mama, hebu itazame pua."

"Ina nini?"

"Inashuka. Joto la hili paa. Na shavu limeanza kupasuka. Miaka miwili mitatu utakuwa na kichwa cha mtu usiyemjua."

"Si uchukue nakala kwa plasta?"

"Plasta ikishika inatoa joto, Mama. Nta kuukuu kama hii itabanduka na uso mzima. Ni kumimina, au kukiacha kijifie hapo."

Siku tatu nilimnunia, kana kwamba yeye ndiye aliyewasha jua. Siku ya nne nikamwambia, "Mimina."

Akaanza kubandika vijiti vya nta kichwani, vinene vya kupitishia shaba na vyembamba vya kutolea hewa. Kila kijiti kinapogusa, baadaye panakatwa kwa msumeno na kupigwa tupa. Alipofika sikio la kushoto nikamshika mkono.

"Hapo hapana."

"Mama, hewa ikinaswa hapo shaba haifiki."

"Kwa hiyo utaisaga alama ya baba yako kwa tupa?"

"Nitaweka kidogo tu, kama njiti ya kiberiti."

"Hata unywele usiweke."

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa anakanda udongo pembeni. Akacheka. "Mwache mama yako. Sikio lake halijawahi kusikia la mtu, leo ndiyo lisikie?"

Binti akanitazama, akakitazama kijiti, akakirudisha mezani. Alijua. Alinistahi tu.

Siku ya kuchoma nilikinga sufuria chini ya tundu la ule udongo. Nta ikatoka taratibu, nyeusi kwa vumbi la miaka yote ile, ikafika nusu sufuria. Uso wangu wote na vidole vyake vyote, nusu sufuria.

Tulifukia ule udongo shimoni, binti na shemeji wakabeba chungu cha shaba kwa koleo ndefu. "Usikatishe! Usikatishe!" binti alikuwa anamwambia baba yake mdogo, naye anamjibu, "Nilianza kumimina wewe bado unanyonya." Shaba ikashuka inanguruma, ikachomoza kwenye matundu yote ya hewa. Nikapiga makofi. Nilifanya haraka.

Kesho yake tukavunja udongo. Uso ukatoka, pua imeinama kidogo tu. Shingoni, chini ya nywele, dole gumba lake lilikuwa pale pale, mistari yote, sasa ni shaba. Sikio la kushoto halikuwepo. Palikuwa na tundu lenye kingo laini, kana kwamba shaba ilifika mlangoni ikaona aibu kuingia.

 

"Ni mimi," nikasema.

"Ni hewa, Mama."

"Na hewa aliifungia nani?"

 Akatoka, akarudi na kitabu chake. "Tutaunga. Hata hawa wa zamani waliunga, tazama. Unafinyanga nta juu ya tundu, unaifunika, unamimina upya hapo hapo. Lakini alifinyange anayelijua."

"Aliyelijua ni baba yako."

"Wewe unalo, Mama. Liguse."

Akaipasha moto ile sufuria, akanipa donge la nta likiwa na uvuguvugu. Mkono mmoja nikauweka kwenye nta, mwingine kwenye sikio langu. Nilitaka kulifanya la msichana, dogo, limekaza. Vidole vikakataa. Vilifuata walichokigusa wenzao wa mkono wa pili: ndewe iliyovutwa na hereni za miaka hamsini, mkunjo huu hapa, mkunjo ule kule. Siku nzima ikaisha hivyo. Binti alipoleta vijiti vya hewa akaweka vitatu, nami sikutia neno.

Lilitoka zima. Shemeji akakizunguka kile kichwa mara mbili, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Shemeji, hapa pana kesi. Uso haujaposwa, sikio lina wajukuu!"

Tulicheka mpaka binti akakaa chini. Alipoinuka alichukua tupa, akapitisha kidole pale shaba mpya ilipopanda juu ya ile ya kwanza. "Huu mpaka unaonekana. Niusawazishe?"

Nikapeleka mkono nyuma ya lile sikio la shaba. Dole lililokuwamo lilikuwa langu, pana, lenye kovu la kisu. Lake halipo tena, na hakuna wa kulirudisha. Liko moja tu, la shingoni.

"Kata vijiti," nikamwambia. "Huo mpaka uache. Mtu akitazama aone baba yako aliishia wapi na mimi nilianzia wapi."

Akaweka tupa chini, akachukua msumeno.