Uzio wa Kumzuia Wifi

Fundi wa uzio alinieleza vizuri: waya wa matundu huzuia kuku, michongoma huzuia mbuzi. Nikamjibu kwamba mimi namzuia wifi yangu, dada wa mume wangu na jirani yetu, anayechungulia mpaka sufuria zangu. Basi akapiga mabati marefu pande zote.

Geti lilikuwa bado kwa mchomeleaji. Jioni, nikiwa nyuma ya nyumba naanua nguo, fundi akaziba nafasi ya geti kwa bati, akaligongomelea kwa nje ili wezi wasiingie, akidhani sipo, akaenda zake.

Nimefungiwa kama kuku! Mume yuko safarini, simu imeisha chaji, na mwanangu yuko nje anacheza huku giza linaingia. Niliyapiga mateke yale mabati, nikimtukana fundi na ukoo wake wote.

“Wifi, ngoma ya nini hiyo?” sauti ikauliza. “Mtoto yuko kwangu, anakula. Ngoja nilete nyundo.”

Nikakaa chini nikicheka na kulia.

Asubuhi nilimwambia fundi ang'oe mabati ya upande wa wifi, apande michongoma.

“Mirefu?”

“Mifupi! La sivyo wifi atachunguliaje?”